Supu ya Alhamisi Haikuharibiwa na Wapishi

Siku waliyoniaga kazini walinipa maua, keki na aproni. Maua niliyachukua. Keki niliila, kwa sababu keki haina kosa. Aproni niliiacha pale pale mezani, na najua baadhi yenu mlioko jikoni bado mnaulizana imekuwaje Mama Zuhura, mtu wa adabu zake, akaondoka bila zawadi yake. Nitawaambia. Kifuani mwa aproni ile palichapwa maneno kwa herufi za madaha: Too many cooks spoil the broth. Maana yake, wapishi wengi huharibu mchuzi.

Binti yangu Zuhura nilimsimulia jioni ile kwa Kiswahili, naye akanijibu kwa Kiswidi, kama desturi yake tangu alipoanza chekechea: “Men mamma, det är bara ett ordspråk.” Eti ni methali tu. Mimi nimekulia Ngamiani, Tanga, kwa watu wanaoweza kumvunja jirani moyo kwa maneno machache ya kwenye kanga, na sijawahi kukutana na kitu kinachoitwa methali tu. Hii ya Waingereza nimeiona kwa macho yangu ikimtoa mpishi jikoni. Sasa nimestaafu, hakuna wa kuniita ofisini kunikanya, kwa hiyo naandika.

Naandika kwa ajili yenu mliobaki, hasa nyinyi mabinti wa Tanzania, Kenya, Burundi na Kongo mnaoingia sasa katika majiko ya shule za huku kusini mwa Stockholm. Mishahara sitaitaja, haina masimulizi marefu. Vyeo pia nitavipita, kwa sababu hakuna cheo kilichonifundisha kukaanga kitunguu. Shule yangu siitaji jina. Waliokuwepo wanaijua, na wasiokuwepo haitawaongezea kitu.

Nilifika nchi hii nikimfuata mume wangu aliyekuja kujifunza ufundi wa mitambo. Yeye alikuwa na darasa lake, mimi nilikuwa na dirisha. Nilitazama theluji ya mtaani kwetu Norsborg mpaka nikachoka, nikaenda kuomba kazi jikoni shuleni, nikijisifu moyoni kwamba kupika nakujua. Mkuu wa jiko alikuwa mama wa Kifini, Ritva jina lake, mwanamke mpana wa mabega, mchache wa maneno, aliyesema Kiswidi kwa lafudhi nzito kuliko yangu. Alinipa kofia ya kuzuia nywele na viatu vya mbao, akanipeleka kwenye mashine ya kumenyea viazi. Mashine ile inazungusha viazi na kuvichubua, lakini yale macho ya kiazi haiyatoi. Hayo hutolewa kwa mkono, kwa kisu kifupi. Wiki yangu ya kwanza yote nilitoa macho ya viazi. Moto niliuona kwa mbali tu.

Kila nilipomaliza ndoo moja Ritva alikuja, akachukua kiazi kimoja, akakigeuza, akakirudisha. Hakusifu, hakulaumu. Siku moja tu aliniambia, “Mwanaidi, kisu chako ni butu. Kisu butu ndicho kinachokata vidole.” Akanifundisha kunoa. Akanifundisha kuinua trei za chuma kwa magoti, mgongo ukiwa umenyooka, na kutupa jicho kwenye kipimajoto kabla ya kuamini ulimi. Migongo yenu inayolia leo, mabinti zangu, inalia kwa sababu hamkuwa na Ritva.

Na supu. Waswidi Alhamisi hula supu ya mbaazi za njano na pankeki, jambo la zamani ambalo hakuna mtoto anayeweza kukueleza sababu yake, ila ukilikosa siku moja watakushitaki. Mbaazi unaziloweka tangu jana yake. Asubuhi unazimwaga katika sufuria kubwa la umeme, lile linaloinamishwa kwa gurudumu, unaengua maganda yanayopanda juu, unatia kitunguu, nyama ya nguruwe ya chumvi na majani makavu ya harufu. Unapika taratibu. Ukikazana na moto, chini inashika na harufu ya kuungua hutaitoa hata kwa dua.

Chumvi ya supu ile ilikuwa na mwenyewe. Asubuhi moja aliletwa msaidizi wa siku, kijana mchangamfu tu, akapita karibu na sufuria, akaonja, akaona chumvi haitoshi, akatupia mkono mmoja. Hakujua kwamba nyama ilikuwa haijatoa chumvi yake. Supu ikawa kama maji ya bahari. Ritva hakupiga kelele. Alimwaga viazi vibichi ndani, akaongeza mbaazi na maji, akatupigisha mbio, na watoto wakala bila kujua. Baadaye tulipokaa kunywa kahawa akasema, “Jikoni hapa tunapika wanne. Anayetia chumvi ni mmoja. Akiwa leo ni mimi, ni mimi. Akiwa kesho ni wewe, basi hata mimi nakuomba ruhusa.”

Nilicheka, kwa sababu niliyajua maneno yale. Kwetu kukiwa na shughuli, arusi au hitima, wanawake hujaa uani. Huyu anachambua mchele, yule anamenya vitunguu saumu, wale wanakuna nazi na kusengenya. Hakuna anayefukuzwa kwa wingi. Lakini sufuria lina mpishi mkuu, na ole wako upeleke mkono wako kwenye chumvi hujatumwa. Ningejuaje kwamba nitaikuta sheria ya Ngamiani kwa mama wa Kifini?

Sasa nimtaje Nalongo, kwa sababu haya yote naandika kwa ajili yake. Nalongo ni Mganda. Jina hilo kwao hupewa mama wa mapacha, na yeye mapacha wake ni wasichana wawili, Babirye na Nakato. Alikimbia nchi yake akiwa msichana, akapitia Nairobi ambako aliokota Kiswahili chake, akafika huku. Anaishi Fisksätra, upande wa pili kabisa wa mji. Kila alfajiri alipanda kile kitreni cha Saltsjöbanan, akabadilisha, akavuka Stockholm nzima kwa metro ya laini nyekundu, na bado mara nyingi tulimkuta ameshafika, amewasha mataa, anaimba nyimbo za kanisani huku anaosha mbaazi.

Mimi ni Mwislamu. Nguruwe nampika kwa sababu ndiyo kazi, lakini simwonji. Ritva alipostaafu na funguo zikaja kwangu, niliona mtego uliokuwa mbele yangu: mkuu wa jiko asiyeweza kuonja supu ya Alhamisi. Nikamwita Nalongo nikamwambia, “Alhamisi chumvi ni yako.”

“Yangu kabisa?” akauliza. “Wewe boss utakaa tu?”

“Nitakaa. Ukisema imekolea, imekolea.”

“My dear, hiyo ni power kubwa sana. Utajuta.”

Sikujuta hata Alhamisi moja. Mwezi wa Ramadhani alionja kila kitu, siku zote. Alikuja na kijiko chake mbele yangu, akafumba macho, akasema “bado” au “acha hapo,” kisha akanitania: “Wewe funga na Mungu wako, mimi nitafunga kazi.” Siku za Kwaresima yeye aliacha nyama, nikamwonjea mimi kuku. Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi miaka mingi, ulimi wa mmoja ukimfaa mwenzake.

Kulikuwa na desturi nyingine aliyotuachia Ritva, nayo inahusu chakula cha watoto wenye maradhi. Mnajua kuna wasioweza maziwa, wasioweza mayai, wasioweza ngano. Chakula chao hakikupikwa na mtu mmoja. Mmoja alishika kopo au ndoo, akasoma kwa sauti maandishi ya vilivyomo ndani, na mwingine akamjibu kwa kila kitu: nimesikia, nimesikia. Ilichosha. Wageni walituona tumerukwa na akili, wanawake wawili wazima wakisomeana ndoo. Lakini macho ya mtu mmoja huona yanachotarajia kuona, na sikio la pili halitarajii chochote.

Kisha akaja Jonas. Huku hata mkuu unamwita kwa jina lake, utadhani mlicheza wote kombolela. Alikuwa ametoka kusoma Uingereza, kijana mpole, mikono laini, na alikuja kusimamia chakula cha shule kadhaa. Alitukusanya akatuonyesha picha ukutani zenye mishale. Mishale yote ilielekea chini. Akasema jiko letu lina watu wengi kwa kazi iliyopo, kazi zinaingiliana, na mwisho akatabasamu akatoa methali ile ile ya aproni, kwanza kwa Kiswidi, “ju fler kockar, desto sämre soppa,” halafu kwa Kiingereza, kama mtu anayeongeza krimu juu ya keki. Watu wakacheka. Na mimi nilicheka kidogo, kwa heshima. Mwezi uliofuata wanne tulikuwa watatu.

Sikilizeni jinsi methali inavyofanya kazi. Angesema, “Nataka kupunguza mtu,” tungebisha. Tungeuliza nani ataosha, nani atasoma ndoo. Lakini alisema methali, na methali ina ndevu, imezeeka kabla yetu, unaogopa kuijibu kama unavyoogopa kumjibu babu. Mdomo ukafungwa kabla haujafunguka. Hilo ndilo lililoniudhi, na linaniudhi hadi leo.

Nalongo ndiye aliyeipasua kwanza. Tulikuwa tunamenya karoti, akasema, “Hiyo proverb walitufundisha shuleni Uganda. Mwalimu alituambia tuandike composition juu yake. Halafu wiki ingine akaleta nyingine: many hands make light work. Mikono mingi hurahisisha kazi. Nikainua mkono nikamuuliza, sasa sir, ukweli ni gani?”

“Akasemaje?”

“Alinichapa.”

Tulicheka mpaka karoti zikaanguka. Lakini swali lake lilinikaa. Waingereza hao hao, jiko lao hilo hilo, wana methali mbili zinazotazamana kwa macho makali, na mkubwa huchagua ile inayomfaa siku hiyo. Sijawahi kusikia Jonas akisema ile ya mikono mingi, isipokuwa siku ya kuhamisha samani za ofisi yake.

Nikaenda maktaba. Nilitaka kujua huu mchuzi ulianza kuharibikia wapi. Mkutubi, bibi mmoja mvumilivu, alinitolea kitabu kinene cha methali tukasoma pamoja. Ni ya zamani, iliandikwa Kiingereza tangu karne ya kumi na sita, na wakati ule haikuwa na sura ya leo. Walisema kadiri wapishi wanavyozidi ndivyo supu inavyozidi kuwa mbaya. Ndivyo Waswidi wasemavyo hadi leo! Waholanzi wanayo, na Wajerumani wanayo, wao ni uji unaoharibika. Nani aliisema kwanza, hakuna anayejua. Mkutubi alisema ni kuhusu kazi inayoharibika kila mtu anapotaka kuiendesha kwa njia yake.

Nikarudi na metro nikitafuna maneno hayo. Kila mtu anapotaka kuiendesha. Mimi nadhani, na hii ni akili yangu siyo ya kitabu, kwamba aliyeianzisha alisimama katika jiko la nyumba kubwa, chungu kiko motoni kutwa, na kila mwenye mamlaka yake anayepita anafunua kifuniko na kutia lake. Mchuzi ule haukuharibiwa na aliyemenya vitunguu. Wala aliyechota maji. Sisi tunasema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Tumesema manahodha. Hakuna Mswahili aliyewahi kusema mabaharia wengi, chombo huenda mrama, kwa sababu siku ya tufani utawatafuta hao mabaharia kwa machozi.

Na manahodha wetu, jamani, waliongezeka! Jikoni tulipungua tukabaki wawili, mimi na Nalongo, pamoja na msaidizi wa kuletwa aliyekuwa akibadilika kila mara. Ofisini wakaajiriwa wa kupanga menyu, wa mazingira, wa manunuzi na wa mawasiliano. Sikuwachukia, wengine walikuwa watu wema. Lakini wa afya aliandika tupunguze chumvi. Wa menyu aliandika watoto wanalalamika chakula hakina ladha. Wa mazingira alitaka nguruwe aondoke kwenye supu, wa mawasiliano akataka supu ya jadi kwa ajili ya kupigwa picha. Wote hao walikuwa na mkono ndani ya sufuria langu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na harufu ya kitunguu. Nilimwambia Jonas hivyo, kwa adabu. Akasema ni mawazo ya kuvutia.

Nilimwambia pia habari ya kusoma ndoo. Nilisema, wawili tukiwepo tutaweza, lakini mmoja akiugua hatutaweza. Akasema tukiwa na mtu mmoja mwenye wajibu ulio wazi, usalama unaongezeka. Nilitaka kumjibu, lakini Kiswidi changu kikikasirika hukimbia na kuniacha peke yangu.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Mimi nilikuwa nimeitwa kwenye mafunzo mjini, ya lazima, na somo lilikuwa umuhimu wa kufanya kazi kwa timu. Sizushi. Msaidizi wa siku hiyo hakutokea. Nalongo alikuwa peke yake na sufuria, pankeki, chumba kizima cha kulia, na watoto wenye maradhi. Wiki ile ofisi ya manunuzi ilikuwa imebadilisha unga wa supu tunaotumia kwa sufuria ya wasiokula nguruwe na wenye maradhi. Ndoo ilikuwa ya rangi ile ile na ukubwa ule ule. Ule wa zamani haukuwa na maziwa. Mpya ulikuwa nayo. Taarifa walituma kwenye kompyuta, na kompyuta ilikuwa inafunguka kwa namba yangu mimi niliyekuwa mjini najifunza timu.

Nalongo aliisoma ndoo. Aliniapia, na mimi simhitaji aape. Aliisoma huku anageuza pankeki na mtoto anagonga dirisha anataka maziwa ya kunywa. Aliona alichokuwa akikiona kila Alhamisi kwa miaka. Hapakuwa na wa kumjibu nimesikia.

Msichana mmoja wa darasa la pili alikula vijiko vichache, midomo ikavimba, akaanza kukosa pumzi. Mwalimu wake alikuwa na sindano yake ya dharura, akamchoma, ambulensi ikaja. Alipona. Wiki iliyofuata alirudi shuleni na kitambaa kipya cha nywele, akanipungia mkono, na mimi nikaenda stoo nikalia. Alipona, alhamdulillahi. Lakini Nalongo ndiye aliyeshika mkono wa mtoto yule sakafuni, akisikia pumzi inavyopotea, kabla mwalimu hajaja.

Tukaitwa kikao. Alikuwepo Jonas, mkubwa wake Jonas, mtu wa chama cha wafanyakazi, Nalongo na mimi. Nalongo alivaa gauni lake la kanisani. Walimuuliza kama ndiye aliyepika. Akasema ndiye. Kama ndiye aliyegawa. Ndiye. Mtu wa chama aliuliza kwa nini alikuwa peke yake, akajibiwa kwamba hilo ni suala la ratiba na litaangaliwa. Kisha Jonas akaeleza kwamba tatizo la msingi ni mikono mingi mno katika chakula cha watoto wenye maradhi. Mmoja anasoma, mwingine anasikiliza, wajibu unapotea katikati. Akakunjua viganja vyake. “Ju fler kockar,” akaanza.

Sikumwacha amalize. Nilisimama. Nikasema, “Alikuwa mmoja! Jonas, siku hiyo jikoni alikuwa mtu mmoja!” Hayo niliyasema kwa Kiswidi. Yaliyofuata yalitoka kwa Kiswahili, maana Kiswidi kilishakimbia. Nilisema mlimtaka mmoja mkampata, sasa mnamsulubu kwa wingi gani? Nilisema nani aliyebadilisha ule unga, aje hapa mezani naye avae gauni la kanisani. Nilisema mengine ambayo mama yangu asingependa kuyasikia. Waliniangalia kama wanaosubiri mvua ipite.

Nalongo akanivuta mkono. “Kaa, Mama Zuhura. Kaa chini, please. Huyu mtu amesha-decide.”

Nikakaa. Aliyekuwa akiandika aliandika kwamba nilikuwa na hisia kali.

Uamuzi ulikuwa hivi: chakula cha wenye maradhi kitaletwa kimefungwa kutoka jiko kuu la mbali, na Nalongo atahamishiwa shule nyingine, kuosha vyombo. Walisema siyo adhabu. Walisema ni kumlinda. Mtu wa chama alipigania neno moja katika maelezo, akalipata, na akaona ni ushindi. Nilimsindikiza Nalongo mpaka kituo cha metro. Njia nzima nilitukana. Treni ilipoingia, Nalongo akasema, “Yule mtoto alikuwa ananiangalia mimi, Mama Zuhura. Hakuangalia Jonas.”

Nilibaki miaka michache zaidi. Nilipewa wenzangu wapya, wazuri, baadhi yenu mnaosoma hapa. Niliwafundisha kunoa kisu na kuengua maganda. Niliwafundisha pia kusoma ndoo wawili wawili, ingawa tuliambiwa haihitajiki tena. Tulisoma hivyo hivyo, mlango ukiwa umefungwa, utadhani tunavuta sigara. Naomba msiache. Mkiambiwa mko wengi, ulizeni wengi wa nini. Wa kumenya? Wa kuosha? Wa kusomeana? Au wa kutia chumvi? Mwenye methali aieleze methali yake mpaka mwisho kabla hajaitumia kukata watu. Akishindwa, msicheke kwa heshima kama nilivyocheka mimi. Heshima ile haikumsaidia mtu.

Kiangazi hiki, wiki chache baada ya kustaafu, Nakato binti Nalongo aliolewa. Sherehe ilikuwa ukumbini Hjulsta, mwisho wa laini ya bluu, kwa sababu ndiko kulikopatikana jiko kubwa. Nalongo alinipigia simu mwenyewe: pilau ni ya wageni wa kila dini, naomba uwe mpishi mkuu. Nilikwenda na visu vyangu. Jikoni tulikuwa Watanzania, Waganda, Wakenya, mabinti wawili wa Burundi, na Mama Furaha wa Kongo aliyekuwa akipiga kelele “Attention, mafuta!” kila alipopita na karai. Tulikanyagana. Tuliimba. Mmoja alikosoa ninavyokaanga kitunguu, nikamwambia akaangalie kama nje kuna jua. Pilau ikafika pale pa kuonjwa, supu ya nyama inachemka, mchele unasubiri.

Nikamwita mwenye arusi. Kwetu ni heshima, mama wa bibi arusi aonje kwanza. Lakini mimi sikumwita kwa ajili ya heshima. Nilitaka kuona tena yale macho yanavyofumba, nisikie “bado” au “acha hapo.” Nalongo akaja na kitambaa chake cha kichwani cha dhahabu, amependeza. Nikamnyoshea kijiko, na mkono wa pili kopo la chumvi.

Akaficha mikono nyuma.

“Weka wewe,” akasema.

“Nalongo, ni arusi ya mwanao. Onja tu.”

“Mimi sionji chakula ya watu tena. Tangu ile siku. Hata nyumbani naweka chumvi mezani, kila mtu ajitilie.” Akatabasamu, tabasamu lile la kumfariji mwingine. “Weka wewe, Mama Zuhura. Usiogope, itakuwa tamu.”

Nikatia chumvi mwenyewe. Nikaonja, nikafunika. Pilau ilitoka nzuri, watu waliisifu, Mama Furaha alifunga ya kwenda nayo nyumbani. Nalongo alikaa meza ya mbele, akala sahani yake yote, akanionyesha kidole gumba kutoka mbali. Nilimwinulia mkono, nikarudi ndani kwa haraka nisionekane uso. Jikoni wanawake walikuwa wamejaa hadi mlangoni, hapakuwa hata na pa kuweka sinia, na bado tulikuwa tumepungua mpishi mmoja.